Nikisema niletee koleo, utaniletea nini?

Mwaka jana nlipata oda kwa WhatsApp kutoka kwa fundi mmoja wa Mombasa, anatengeneza mageti na madirisha ya chuma, tulikua tushafanya biashara mara mbili tatu hivi bila shida yoyote. Akaandika kwa kifupi tu, kaka nitafutie makoleo sita mazuri, ya chuma kizito. Mi nipo Tanga, kwetu koleo ni koleo hamna cha kujiuliza, nikachagua sita yenye mpini wa mti uliokauka vizuri, nikayafunga kamba, nikayapakia kwenye basi linalopita mpakani Horohoro, nikaenda kulala. Kesho yake simu.

"Ndugu yangu, hizi sepetu ni za nani?"

"Sepetu gani?"

"Hizi ulonitumia. Mimi nataka makoleo, ya kushikia chuma moto."

Yani mi nimemtumia vitu vya kuchotea mchanga na kokoto, yeye alikua anataka vile vya kubania, vyenye mikono miwili kama mkasi, vya kutolea chuma kwenye moto. Nauli nikalipa kwenda na kurudi, na yeye kazi ya mteja wake ikalala siku tatu. Na ukitafuta mwenye makosa humpati, maana wote tumeandika Kiswahili, na neno ni lilelile moja.

Ndo maana nimeamua kuliandika hili jambo kwa kirefu. Kila ikitoka klipu ya mtu wa Kenya anapika au mtu wa Bongo anajenga, komenti zinageuka vita, huyu anasema hicho sio kinaitwa hivo, yule anajibu nyie ndo hamjui lugha, mwingine anakuja na kamusi, mpaka klipu yenyewe inasahaulika. Watu wengi wanadhani ni swali la nani anajua Kiswahili na nani hajui. Sio. Majina ya vifaa yana sababu zake, na ukizijua hizo sababu unaacha kugombana, na kama unafanya biashara unaacha kupoteza nauli.

Tuanze na maneno ili twende pamoja. Nikisema zana nina maana ya kitu cha kufanyia kazi, jembe, nyundo, bisibisi. Chombo ni zaidi cha kuwekea au kubebea, sufuria, ndoo, beseni. Kifaa linabeba vyote viwili. Humu nitachanganya zote maana mkanganyiko haujali kama kitu kipo stoo au jikoni.

Alafu kuna matatizo mawili ambayo watu wanayaweka kapu moja wakati hayafanani hata kidogo. La kwanza ni kitu kimoja kuwa na majina mengi. Hilo ni sawa na mtu ambae nyumbani wanamwita Chichi, shuleni anaitwa Mwanaidi, mtaani ni Mama Asha, kazini ni Bi Mkuu, ukimtafuta kwa jina lolote mwisho wa siku anakuja mtu yuleyule. Utachelewa kidogo lakini utampata. La pili ni jina moja kuwa na vitu viwili. Hilo ni sawa na mtaa wenye akina Juma wawili na wewe unatuma hela kwa Juma, hela inafika vizuri kabisa, meseji inaingia, ila imeenda kwa Juma mwingine. Hili la pili ndo linauma, kwa sababu hujui kama umekosea mpaka mzigo umefika. Koleo langu lilikua Juma wa pili.

Vile ambavyo havina ugomvi

Kabla hatujaenda mbali angalia vitu ambavyo karibu kila mtu anaita sawa. Nyundo. Shoka. Jembe. Kisu. Msumeno. Toka Lamu mpaka Mtwara na ukapanda mpaka Kigoma hutasikia ubishi. Na baadhi hata ukitoka nje ya Kiswahili zinakufuata, Mnyarwanda anasema inyundo na ishoka, Mganda anasema ennyondo. Sababu ni rahisi, hizi ni zana za zamani sana kwetu, wahunzi wa Kibantu walikua wanafua chuma karne nyingi kabla hajaja mgeni yeyote na meli, kwaiyo jina limetembea na watu wenyewe na kitu chenyewe. Kitu kikiwa cha kale na cha kwetu wote jina linatulia.

Ugomvi unaanza na vitu vilivyokuja baadae, kila kimoja kimepita mlango wake, na kila mlango ulikua na mwenyewe.

Chukua skrubu. Bara fundi atakwambia skrubu, na skrubu imetoka kwa Mwingereza. Ila wapo wazee wa pwani wanaosema parafujo, na watoto wa shule Kenya wanafundishwa parafujo mpaka leo, na hiyo ni ya Mreno, kwao ni parafuso. Wareno walifika pwani hii 1498 na Vasco da Gama, wakajenga Ngome ya Yesu pale Mombasa miaka ya 1590, wakatolewa humo 1698. Miaka mia mbili hivi wanarekebisha majahazi yao na nyumba zao hapahapa, fundi wa Kiswahili yupo pembeni anaangalia na kusaidia, neno halikuwa na namna ya kutobaki. Bara hawakufika kukaa, kwaiyo bara skrubu ilisubiri Mwingereza na ikaja na jina la Mwingereza. Kitu kimoja, milango miwili.

Bomba nayo ni ya haohao Wareno, kwao bomba ni pampu. Karai limetoka India, wao wanaita kadhai. Msumari ni Mwarabu. Spana, bolti na nati ni gereji ya Mwingereza. Ukisimama kwenye duka la vifaa ukawa unasoma majina unaweza kuhesabu kila aliyewahi kutia nanga hapa.

Tena jina linaweza kubaki wakati kitu chenyewe kimebadilika. Sufuria, ukilichimba lile neno unakuta sufuri, yani shaba, maana vyombo vya kwanza vya madini vilivyokuja vilikua vya shaba. Leo sufuria ni alumini tupu na jina halijahama. Msasa hivohivo, ni jina la mti ambao majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, watu walikua wanasugulia mbao kwa yale majani, ilipokuja karatasi ya dukani yenye mchanga fundi hakuhangaika, kazi ni ileile jina likahamia. Mi hili la msasa nalipenda kuliko yote, kwa sababu linaonyesha fundi wa kwetu hakuwa anasubiri aletewe jina.

Dumu, mtungi, jerikeni, bidoni

Mfano unaoeleweka haraka zaidi ni lile dumu la plastiki la lita 20, la njano mara nyingi, ambalo lilikua la mafuta ya kula alafu likawa la maji mpaka litoboke.

Tanzania sehemu nyingi ni dumu, na dogo lake ni kidumu, yeyote aliyesoma shule ya msingi huku anakumbuka kuambiwa kesho kila mtu aje na kidumu na fagio. Kuna wanaosema galoni. Ukivuka Kenya ni mtungi au jerikeni, mtu wa Nairobi siku maji yamekatika atakuuliza mtungi wanauza ngapi. Kampala kwa Kiganda ni ekidomola. Mashariki ya Kongo ni bidoni, wengine wanakata wanasema bido.

Sasa angalia milango. Jerikeni asili yake ni Mjerumani, jeshi lao lilitengeneza kopo la chuma la lita 20 la kubebea mafuta mwaka 1937, lina mishiko mitatu juu ili askari wawili waweze kushika moja au mmoja abebe mawili matupu mkono mmoja. Waingereza walivyokutana nalo vitani wakaona la kwao linavuja na la Mjerumani halivuji, wakaliiga. Na Mjerumani wao walikua wanamwita Jerry kwa utani, kwaiyo kopo la Jerry. Jina hilo likabaki kwenye makoloni ya Mwingereza, likaingia Kenya na Uganda. Kongo alikuwepo Mbelgiji na Kifaransa chake, na Kifaransa wanasema bidon, ndo bidoni hiyo. Kopo limegeuka plastiki ila majina yamebaki na alama ya kila mtawala.

Na mtungi? Hapa tunarudi kwa akina Juma wawili. Mtungi kwa asili ni chombo cha udongo cha kuwekea maji, kile chenye tumbo na shingo, maji yanapoa bila friji. Mkenya alivyopata plastiki akasema kazi ni kuweka maji, basi ni mtungi. Tanzania hatukufanya hivo, mtungi ulibaki wa udongo, alafu ilivyokuja gesi ya kupikia jina likahamia huko, leo mtu wa Dar ukimwambia mtungi umeisha anajua unaongelea gesi. Mkenya ukimwambia hivohivo anaweza kudhani huna maji. Wote wawili wamefanya kitu kilekile cha akili, wamechukua jina la zamani wakalivisha kitu kipya, ila kila mmoja kavisha kitu chake.

Akina Juma wengine

Mfereji huo hapo. Kenya mfereji ni ule wa kufungua maji, unakinga ndoo, maji ya mfereji. Tanzania ukisema mfereji mtu anaona mtaro, anaona maji yanapita chini kwenda shambani. Nenda Kilimanjaro uone mifereji ya Wachaga ambayo wamechimba vizazi na vizazi kushusha maji toka mlimani, wao wenyewe wanaita mfongo, ndo mfereji kwa maana ya huku. Tukitaka kile cha kufungua na kufunga tunasema bomba. Kwaiyo Mkenya akikwambia nimeacha mfereji wazi usikimbilie jembe ukazibe, kaangalie sinki.

Karai, Kenya ni la kufulia na kukaangia samaki na mandazi, yanagongwa kwa nyundo pale Kamukunji Nairobi na mafundi wa jua kali, ukipita unasikia kelele zake toka mbali. Tanzania karai utalikuta zaidi saiti limejaa zege, au kwa mama muuza mihogo limejaa mafuta ya moto, la kufulia tunaita beseni. Tofauti ndogo, ila ukimtuma mtoto wa jirani anaweza kukuletea la zege ukafulie shuka.

Leso, pwani ya Kenya ni kile kitambaa cha mama chenye jina na pindo, sisi tunaita kanga. Leso kwetu ni kile cha mfukoni cha kufutia jasho. Neno ni moja la Mreno, lenço. Mgeni akiambiwa na mwenyeji wake wa Mombasa ajifunge leso anaweza kushangaa sana.

Tingatinga, Tanzania ni lile linalobomoa, linalosukuma udongo, kwenye habari tingatinga likitajwa ujue kuna nyumba imevunjwa. Kenya watu wengi wakisema tingatinga ni trekta la kulimia, ndo maana hata mwanasiasa Raila Odinga walikua wanamwita Tinga, sababu chama chake cha NDP kwenye uchaguzi wa 1997 alama yake ilikua trekta.

Na mbuzi. Hii ni ya pwani nzima, Tanga, Mombasa, Unguja, kile kibao cha kukalia chenye chuma chenye meno mbele, cha kukunia nazi. Mtu wa bara ambae kwao nazi inanunuliwa ya pakti hana sababu ya kukijua, anaambiwa na mama mkwe lete mbuzi uani, anakwenda kutafuta mnyama. Ila sikiliza sarufi inavyosaidia hapa, mbuzi mnyama utasikia mbuzi huyu, mbuzi wangu, mbuzi kibao utasikia mbuzi hii, mbuzi yangu. Anayejua lugha hapotei, lile neno dogo la pembeni limeshamwambia. Mwiko nao uko hivyo, mwiko wa kusongea ugali, mwiko wa fundi wa kujengea, na mwiko wa kukatazwa, vyote mwiko, na hamna anayechanganya kwa sababu mazungumzo yenyewe yanakuonyesha upo jikoni au upo saiti.

Turudi kwenye koleo sasa

Kwenye kamusi za zamani koleo ni la kubania, ni la mhunzi. Mkenya aliyesoma shule anajua hivyo. Tanzania neno limehama, nenda saiti yoyote ya kujenga useme koleo utapewa la kuchotea. Na hilo la kuchotea lenyewe majina yake ni ukoo mzima, kuna beleshi, kuna chepe na chepeo, kuna sepetu na sepeto. Baadhi ya mafundi wanatenganisha, chepe wanataka lenye bapa la kuchimbia na koleo wanataka lile pana la kuchotea, wengine wanaita lolote vyovyote, nimeshafanya kazi saiti moja na watu watatu wenye majina matatu na zege likaisha vizuri. Chepeo tena ni Juma mwingine, maana ni kofia pia.

Na kile cha kubania kwa Tanzania kimekwenda wapi? Kile kidogo cha umeme na waya tumekipa jina la Kiingereza, plaizi, wengine wanasema praizi. Kiti cha koleo kilikua wazi, likakaa jingine. Maneno yanafanya hivyo, kama nyumba ya kupanga, akihama mmoja anahamia mwingine, namba ya mlango inabaki.

Kukata majani nako kuna kisa chake. Lile bapa refu lililopinda mwisho, unalirusha kushoto kulia, Tanzania ni fyekeo, sehemu nyingine kwanja, Kenya wengi wanasema slasha. Toroli letu Mkenya anasema wilibaro. Haya ni ya Chichi na Mwanaidi tu, hayana hatari, ukimwonyesha mtu kwa mkono jinsi ya kufyeka anakuelewa kabla hujamaliza.

Kongo wamechukua mlango mwingine kabisa. Kiswahili cha Katanga kimekua sana kwenye migodi, kampuni ya Union Minière ilianza 1906, watu wametolewa kila upande wakawekwa kambi moja, bosi anaongea Kifaransa. Kwaiyo vifaa vya karakana vimekaa na Kifaransa, bisibisi ni turnevisi. Ila vya nyumbani vimebaki vya majirani wa Kiafrika, jiko la mkaa wanaita mbabula au babula, Mnyarwanda anasema imbabura, na Zambia ni mbaula. Unguja na pwani jiko hilohilo la mkaa kuna wanaoliita seredani. Na Goma wana chukudu, lile pikipiki la mbao lisilo na injini, wanashusha nalo viazi na mkaa toka milimani, hilo halikuletwa na meli ya mtu. Wamelitengeneza wao, wamelipa jina wao, na katikati ya mji wamelijengea sanamu.

Yale watu wanayoamini na sio kweli

Kuna msemo kila mtu anaujua, Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania bara, kikaugua Kenya, kikafa Uganda, kikazikwa Kongo. Watu wanausema wanacheka. Mi siucheki, umewafanya watu wa Bukavu na Lubumbashi waone aibu kuongea mbele yetu lugha waliyonyonya kwa mama zao, na hilo ni baya. Tena kwa vifaa hauna ukweli wowote. Mtoto wa shule ya msingi Kenya anakaririshwa vifaa vya fundi, jiriwa, keekee, tindo, patasi, parafujo, timazi. Nenda karakana yoyote Gerezani hapo Dar uombe jiriwa, ile ya kubania kitu mezani, wengi watakuangalia, useme vaisi utaletewa sekunde hiyohiyo. Sasa nani mgonjwa? Kenya maneno ya kamusi yamekaa darasani na mtaani wanasema mengine, Tanzania tunaongea Kiswahili kutwa nzima ila karakana imejaa vaisi na drili na plaizi. Kila mmoja ana alichotunza na alichoacha.

Lingine ni kwamba lipo jina moja sahihi na mengine ni makosa. Hili limetoka kwenye neno sanifu, watu wanadhani sanifu maana yake sahihi. Kilichotokea ni kwamba kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928 serikali za kikoloni zilitaka vitabu vya shule viwe vya aina moja, wakachagua Kiunguja kiwe msingi, Kimvita cha Mombasa kikaachwa japo nacho kilikua na mashairi na maandishi ya siku nyingi, 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia. Ilikua ni kuchagua kwa ajili ya uchapaji, kama mtaa mzima kukubaliana mita moja ya kupimia kitambaa dukani. Mita hiyo haifanyi mkono wa bibi yako aliokuwa anapimia kuwa uongo. Uteo wa mtu wa Mombasa wa kupepetea mchele haukugeuka kosa kwa sababu kitabu kimeandika ungo. Hata BAKITA, yani Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, iliyoanzishwa 1967, kazi yake ni kusanifu na kukuza, na wanaosanifu wanachota hukohuko kwenye lahaja.

Na kuna wanaosema ukitumia neno la kizungu umeharibu lugha, sema bisibisi usiseme skrudraiva. Bisibisi nalipenda na ninalitumia. Ila hao wanaosema hivo wanakaa kwenye meza, wanafungua bomba, wanapigilia msumari, wanapikia sufuria, na hakuna hata moja kati ya hayo lililozaliwa kwetu. Tofauti ya spana na msumari ni kwamba msumari umekaa siku nyingi mpaka tukasahau alikuja na nani.

Ila pia sikubaliani na wale wa upande wa pili, wanaosema maneno ya kamusi ni ya kusomea tu hayana watu. Timazi inaning'inia kwenye saiti leo, fundi anashusha uzi anaangalia ukuta umenyooka, hajui kama kuna mtu anadhani hilo ni neno la mtihani. Pimamaji hivohivo, kile cha kuangalia usawa, na hili ni neno zuri kuliko la Kiingereza kwa sababu linakwambia kabisa ndani kuna kitu cha majimaji na kazi ni kupima. Futi pia, mafundi wengi huku ile tepu ya kupimia wanaiita futi hata kama wanasoma sentimita.

Sasa kwa vitendo, kwa anayeagiza au kuuza vitu kuvuka mipaka, mi nilichojifunza baada ya ile hasara ni kwamba jina peke yake halitoshi, tia na kazi. Usiandike naomba koleo, andika koleo la kuchotea mchanga, au koleo la kushikia chuma. Usiandike mtungi, andika mtungi wa plastiki wa maji lita 20. Kazi ya kitu haina lahaja, mchanga unachotwa Tanga na unachotwa Kisumu. Picha inasaidia, ila picha peke yake inaweza kukudanganya ukubwa, kwaiyo weka na kipimo. Na mteja akitumia jina usilolijua usimsahihishe, muulize, linafanyaje? Mara nyingi atakuelezea na utakuwa umepata neno jipya bure. Mi seredani nimelijua hivohivo, kwa mama mmoja wa Pemba aliyekuja dukani anatafuta la kuchomea ubani na kupikia humohumo.

Yule fundi wa Mombasa hatujaachana, ila sikuhizi anaandika oda ndefu, na mi upande wangu nikimjibu naandika sepetu kwa kuwa najua ndo atakavyosoma. Juzi kaniandikia anataka jiriwa mbili. Nikamuuliza, za kufunga kwenye meza, za kubania chuma usikate vidole? Akatuma picha. Nikaingia stoo, nikamwambia kijana wangu shusha vaisi mbili, namba sita.